Mwanangu, kumbuka kamba za viatu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Umesema IELTS, ule mtihani wako wa Kiingereza, umebakiza wiki tatu, na kwenye mazoezi ya kuzungumza umekutana na swali: je, wewe ni mtu mwenye subira? Ukakwama. Kisha ukaniuliza: "Mama, subira mimi sina, unanijua. Niseme ukweli nionekane sifai, au nitunge uongo mzuri?"

Sema ukweli.

Mtahini hajakaa pale kukupima tabia. Anasikiliza mambo manne, na yote yana uzito sawa: unavyotiririka na kupanga mawazo yako, msamiati, sarufi na matamshi. Hakuna mahali anapoandika alama za mtu mwema. Anayesema hana subira hata chembe, akaeleza ni wapi na kwa nini, atampita yule anayejisifu kwa sentensi nne alizokariri. Na aliyekariri hajifichi. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, nimewasikia wengi: sauti inakuwa ya mtu anayesoma, macho yanapanda darini, na ghafla yanatoka maneno mazito ambayo dakika moja nyuma, alipoulizwa kuhusu chumba chake, hakuwa nayo. Watahini wamefunzwa kumtambua mtu huyo. Wewe usiwe yeye.

Tena uongo una kazi mbili. Utafute neno la Kiingereza, na wakati huohuo ubuni kisa. Ukisema lililotokea, kisa unacho tayari. Kinachobaki ni maneno tu.

Sasa nikwambie jambo ambalo naona hukulifikiria. Unaposema huna subira, unafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kimetugawia vizuri: subira ni ya kungoja, uvumilivu ni wa kubeba kinachouma, ustahimilivu ni wa kuendelea na jambo gumu bila kuliacha. Neno la Kiingereza "patience" linayabeba kwa kiasi kikubwa yote matatu. Hata mgonjwa wa hospitali wanamwita "patient", kwa sababu maneno hayo yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuteseka na kuvumilia. Kwa hiyo usijipime kwa kungoja peke yake. Kungoja, ni kweli, kunakushinda: foleni, ukurasa usiofunguka, mtu anayerudia maelezo uliyokwisha kuyaelewa. Nakuona hadi unavyogonga vidole mezani.

Lakini ulipokuwa na miaka mitano uliamua kufunga kamba za viatu mwenyewe. Asubuhi, mimi niko mlangoni, funguo mkononi, tumechelewa. Wewe umekaa chini, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, unatengeneza kitanzi cha kwanza, unakishika kwa vidole viwili, unazungusha kamba ya pili, kitanzi kinachomoka. Unaanza upya. Kinachomoka tena. Nikashindwa. Nikainama nikakufungia viatu vyote viwili, haraka, fundo la nguvu. Hukulia. Uliniangalia, ukavuta kamba, ukavifungua vyote viwili, ukaanza upya. Asiyekuwa na subira asubuhi ile nilikuwa mimi.

Ndiyo maana ujumbe wako ulinigusa. Hilo unalosema huna, mimi nimeliona kwa macho yangu. Unalo kwa kazi ya mikono yako na kwa kitu unachotaka kukijua. Hulioni kwa sababu wewe unahesabu foleni tu.

Ukiwa na kisa hicho, au kingine chako, utashangaa kinavyokufikisha mbali. Sehemu ya kwanza ya mazungumzo ni dakika 4 hadi 5, maswali mafupi kuhusu wewe. Huwa wanauliza pia kama una subira zaidi sasa kuliko ulipokuwa mtoto. Swali hilo ni zawadi, maana linakuita utumie wakati uliopita, kisha wakati uliopo, kisha ulinganishe, yote katika jibu moja, na hapo sarufi yako inaonekana bila wewe kuilazimisha. Sema ulivyokuwa, sema ulivyo, toa sababu, nyamaza. Sentensi tatu au nne zinatosha. Kwenye sehemu ya pili utapewa kadi, dakika 1 ya kujiandaa, kisha uzungumze hadi dakika 2; huenda kadi ikataka ueleze siku uliyolazimika kungoja kitu kwa muda mrefu. Sehemu ya tatu inatoka kwako na kwenda kwa watu wote: je, simu na intaneti zimetupunguzia subira? Ni jambo lilelile, limepanuka tu. Yote kwa jumla hayazidi dakika 14.

Methali ziache nyumbani. Najua itakujia "mvumilivu hula mbivu", lakini ukiitafsiri neno kwa neno mtahini atabaki anajiuliza matunda yametoka wapi, na wewe utaanza kueleza matunda badala ya kujieleza.

Kwenye matamshi nina neno dogo tu. "Patience" na "patients" yanasikika sawasawa, usihangaike kuyatofautisha. Kilicho muhimu ni ile "sh" ya katikati, na mwisho ufunge kwa "s" bila kuongeza irabu. Ulimi wetu umezoea kumalizia kwa irabu, unataka kusema "peishensi". Lizoee polepole mbele ya kioo. Na kumbuka kwamba sisi husema mtu *ana* subira, lakini wao, wakimwelezea mtu, husema zaidi kwamba *ni* mtu wa namna hiyo. Geuza sentensi kichwani kabla haijatoka.

Sasa nikusimulie nisilowahi kukusimulia. Na mimi niliwahi kukaa mbele ya mtahini, zamani, mtihani wa kuzungumza kama huo wako. Nilikuwa nimejiandaa miezi. Aliponiuliza swali la tatu sikumwacha amalize. Nilisikia neno moja nililolijua nikaruka nalo. Nikazungumza vizuri, kwa kasi, nikafurahi. Kisha nikaona uso wake umetulia tu, naye akarudia swali lake taratibu. Nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuniuliza. Kuanzia hapo nilitetemeka mpaka mwisho.

Kwa hiyo mwache amalize. Vuta pumzi. Kama hukusikia, mwombe arudie. Kuomba ni jambo la kawaida katika mazungumzo yoyote. Kimya kifupi cha mtu anayewaza atasema nini hakina ubaya. Hata wanaopata 9, alama ya juu kabisa, husita, ila wanasita kwa sababu wanafikiria jambo lenyewe, hawatafuti neno wala sarufi. Kinachokuangusha ni kusimama katikati ya kila sentensi kuwinda neno kubwa. Likikukimbia, chukua dogo ulilonalo uendelee. Na akikukatiza usidhani umemchosha: ana muda aliopangiwa, na maswali mengine yanamsubiri. Wengi huvunjika moyo hapo bure, wakaharibu yaliyobaki.

Kuhusu kuonekana hufai, nataka uliondoe kabisa moyoni. Mtu akiniambia kwa maneno yake mwenyewe kwamba foleni humkera lakini anaweza kukaa usiku mzima na kitu kilichoharibika mpaka akielewe, mimi humwamini, na hutaka kumsikiliza zaidi. Huyo ni wewe. Umeniambia mwenyewe mwezi uliopita ulivyokesha na ile kompyuta ya rafiki yako, mara ya nne ndipo ikawaka. Hukusema ni subira. Ulisema tu "nilitaka kujua".

Jumapili jioni nipigie, tufanye mazoezi. Nitakuuliza kwa Kiingereza, swali moja baada ya jingine, nami nitaweka saa mbele yangu. Ukikwama kwenye neno sitakudokeza, hata nikiwa nalo mdomoni. Nitasubiri ulifunge mwenyewe.

Mama yako