Uliza Mwalimu wa Historia: Majuto ya Mfalme Ashoka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mjomba wangu tumebishana juu ya Ashoka, yule mfalme wa India ya kale. Nimesoma kwamba alipoishinda nchi ya Kalinga na kuona maiti zilizolala uwanjani, aliutupa upanga palepale, akawa Mbudha, na hakumdhuru mtu tena. Mjomba hakubali. Anasema mfalme anayejuta huku nchi aliyoiteka bado imo mikononi mwake hajajuta. Nani kati yetu yuko karibu na ukweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mjomba wako nampa heko. Swali lake ndilo ambalo kila anayesoma habari za Ashoka angepaswa kuanza nalo, maana vitabu vingi humfanya mtu huyu mtakatifu kabla msomaji hajapata nafasi ya kumsikiliza mwenyewe. Na kumsikiliza inawezekana. Alichongesha maneno yake kwenye majabali na nguzo kuanzia Afghanistan ya leo hadi Karnataka, kusini mwa India, na mengi yanasomeka hadi sasa.

Tuanze na urithi alioupata. Dola ya Maurya iliasisiwa karibu mwaka 321 KK na babu yake, Chandragupta, aliyewapindua wafalme wa Nanda katika nchi ya Magadha, kwenye bonde la mto Ganges. Mji mkuu ulikuwa Pataliputra, ambao leo ni Patna. Chandragupta alikabiliana na Seleucus, aliyekuwa jemadari wa Alexander wa Makedonia, wakamalizana kwa mkataba: Seleucus akaachia maeneo ya mpakani upande wa magharibi, naye akapewa tembo 500, ambao baadaye aliwatumia katika vita vya Ipsus mwaka 301 KK. Balozi wake, Megasthenes, alikaa Pataliputra na kuandika kwamba ukuta wa mji ule ulikuwa wa mbao, wenye minara 570 na malango 64. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyakuta magogo ya ukuta huo chini ya udongo wa Patna. Chandragupta alifuatwa na mwanawe Bindusara, kisha Ashoka, karibu mwaka 268 KK. Wakati huo sehemu kubwa ya bara Hindi ilikuwa chini ya dola, isipokuwa ncha ya kusini na Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki inayolingana na sehemu kubwa ya jimbo la Odisha la leo.

Vita vya Kalinga vilipiganwa mwaka wa nane tangu atawazwe, yaani karibu mwaka 261 KK. Idadi ya waathirika tunaipata kwa mshindi mwenyewe, katika tangazo ambalo wanahistoria huliita tangazo la 13 la majabali. Humo anasema watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Kalinga, 100,000 waliuawa, na wengine wengi zaidi ya hao wakafa. Anasema moyo wake unaungulika. Halafu anafanya jambo ambalo mimi kila nikilisoma hunishika: anawataja watu wema waliokuwa wakiishi kule, waliowatii wazazi na wakubwa wao na kuwatendea vyema marafiki, watumwa na watumishi, ambao walijeruhiwa, wakauawa au wakatenganishwa na wapenzi wao. Tena anaongeza kwamba hata ambaye hakuguswa ameumia, kwa sababu rafiki yake au ndugu yake ameguswa.

Hapo mwanangu mimi nipo upande wako. Wafalme wa kale walipenda kuhesabu maiti, lakini walizihesabu kwa kujisifu. Huyu anazihesabu kama deni. Hapakuwa na adui aliyemlazimisha, wala bunge la kumhoji. Naamini majuto yale yalikuwa ya kweli.

Sasa upande wa mjomba. Kuna mambo matatu ambayo huwa nawaomba wanafunzi wangu wayatazame kabla hawajamvisha Ashoka taji la utakatifu.

Wale watu 150,000 waliohamishwa, hakuna mahali popote katika maandishi yake anaposema aliwarudisha makwao. Anawalilia, lakini hawarudishi. Hili kwangu ndilo zito kuliko yote, na nasikitika kwamba vitabu vya shule hulipita bila kusimama. Watu wale walikuwa na mashamba na makaburi ya wazee wao kule pwani. Kosa la kuua halina dawa, lakini la kuhamisha lilikuwa na dawa, na mfalme aliyeweza kupanda miti kando ya barabara za nchi nzima alikuwa na uwezo wa kuwafungulia njia watu hao.

Jambo la pili ni mahali. Nenda Dhauli, karibu na mji wa Bhubaneswar, au Jaugada katika wilaya ya Ganjam. Zote mbili zilikuwa ndani ya Kalinga, na zote zina majabali yenye matangazo ya Ashoka. Dhauli kuna tembo aliyechongwa juu ya maandishi, sehemu ya mbele tu, kana kwamba anatoka ndani ya mwamba. Wageni wengi hupanda moja kwa moja hadi kwenye stupa nyeupe ya amani kileleni, yaani jengo takatifu la Kibudha lenye umbo la kuba, wakaliacha jabali chini. Ukisoma jabali lile utakuta matangazo ya 1 hadi 10, na la 14. La 13 halipo. Maneno ya majuto yalichongwa Girnar upande wa magharibi na Shahbazgarhi, katika Pakistan ya leo, lakini hayakuwekwa mbele ya macho ya watu waliofanyiwa kitendo chenyewe.

Badala yake Wakalinga waliwekewa matangazo mawili ya pekee, yaliyoelekezwa kwa maofisa wa mfalme. Na hapa lazima niwe na haki: ni matangazo mazuri mno. Anasema watu wote ni watoto wake, na kama anavyowatakia wanawe heri ya dunia hii na ya ijayo, ndivyo anavyowatakia watu wote. Anawaonya maofisa kwamba kuna watu wanaofungwa au kuteswa bila sababu, na kwamba wivu, hasira, ukatili, pupa na uvivu humharibu mwamuzi. Anaagiza maneno hayo yasomwe kwa sauti katika siku maalumu, na wakaguzi watumwe kila baada ya miaka mitano. Huo ni utawala unaojua kwamba udhalimu mwingi hufanywa na maofisa wadogo walio mbali na jicho la mkuu. Lakini msamaha haukuombwa pale.

Jambo la tatu ni onyo. Ndani ya lile lile tangazo la majuto, anawageukia watu wa misituni na kuwakumbusha kwamba ingawa anajuta, nguvu anazo, hivyo waache makosa yao wasije wakauawa. Jeshi halikuvunjwa. Hukumu ya kifo haikufutwa pia. Katika tangazo moja la nguzo anawapa waliohukumiwa siku tatu ili jamaa zao wawaombee au wao wenyewe wajiandae kwa mauti.

Kwa hiyo ile habari ya upanga uliotupwa palepale ni hadithi. Hata kuingia kwake katika dini ya Buddha hakukuwa kwa ghafla: anasema mwenyewe kwamba alipokuwa mfuasi, kwa muda wa mwaka mmoja hivi hakuwa na bidii. Alichokifanya kweli ni kuwaagiza wanawe na wajukuu wasifikirie kuteka nchi mpya, na ikitokea wameteka, wawe wapole na adhabu ziwe nyepesi. Anayesema hivyo anawajua wanawe, na anazijua dola.

Mwambie mjomba kwamba Ashoka alijuta na akaikalia Kalinga, vyote viwili, na tukikiondoa kimoja hatumfahamu tena.

SWALI: Mwalimu, ni kweli aliwaua ndugu zake 99 ili apate kiti?

JIBU: Masimulizi ya Kibudha yaliyoandikwa karne kadhaa baada yake ndiyo yanayosema hivyo, na yana sababu: kadiri Ashoka wa mwanzo anavyokuwa mkatili, ndivyo dini iliyombadilisha inavyong'aa. Lakini katika tangazo la 5 la majabali, yeye mwenyewe anataja maofisa wanaohudumu katika nyumba za kaka na dada zake. Huenda kulikuwa na ugomvi wa urithi, maana miaka kadhaa inaonekana ilipita kati ya kifo cha Bindusara na kutawazwa kwake. Hiyo 99 iache vitabuni.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kama mfalme huyu alikuwa mkubwa hivyo, kwa nini India yenyewe ilimsahau hadi Waingereza walipokuja kusoma maandishi yake? Na ukiacha wale simba wa nembo ya taifa, kuna kingine chochote kilichobaki cha dola ya Maurya?

JIBU: Marahaba. Dola iliishi miaka hamsini hivi tu baada ya Ashoka. Mfalme wa mwisho, Brihadratha, aliuawa karibu mwaka 185 KK na jemadari wake Pushyamitra, wakati wa gwaride la jeshi. Wabudha wa Sri Lanka hawakumsahau Ashoka, kwani mapokeo yao yanasema ni mwanawe Mahinda na binti yake Sanghamitta waliowaletea dini. Kilichopotea India ni uwezo wa kuisoma hati ya Brahmi, ambayo sehemu kubwa ya matangazo yake ilichongwa kwayo. Mwaka 1356 Sultani Firuz Shah Tughlaq aliona nguzo moja huko Topra, akaipenda hata akaihamishia Delhi, ikaviringishwa kwa pamba na matete, ikavutwa kwa mkokoteni wa magurudumu 42 hadi mto Yamuna, kisha ikasafirishwa kwa mashua. Aliwaita wasomi waisome. Hakuna aliyeweza.

Mwaka 1837 James Prinsep, aliyekuwa ofisa wa kiwanda cha sarafu cha Calcutta, aligundua kwamba maandishi mafupi ya Sanchi yaliishia kwa herufi zilezile, akakisia kwamba ni majina ya watu waliotoa zawadi kwa stupa. Kutoka hapo alifungua hati yote. Alimkuta mfalme anayejiita Piyadasi, na George Turnour, aliyekuwa akisoma vitabu vya kale vya historia ya Sri Lanka, akaonyesha kwamba huyo ni mjukuu wa Chandragupta. Mwaka 1915 likapatikana jabali la Maski, Karnataka, lenye jina Ashoka waziwazi. Miaka yake tunaikadiria kwa sababu lile tangazo la 13 linawataja wafalme watano wa Kigiriki waliokuwa hai kwa wakati mmoja, wakiwemo Ptolemy wa Misri na Magas wa Cyrene, katika Libya ya leo.

Simba hao wanatoka kwenye nguzo ya Sarnath. Walifukuliwa katika uchimbaji wa 1904 hadi 1905, wakawa nembo ya India tarehe 26 Januari 1950. Gurudumu lenye njiti 24 lililo katikati ya bendera limetoka kwa Ashoka vilevile, lakini maneno yaliyo chini ya simba si yake: yametoka katika Mundaka Upanishad, maandiko matakatifu ya Kihindu.

Ila kama wataka nikuonyeshe kilichobaki ambacho mimi nakipenda kuliko simba, ni habari za bwawa. Karibu na Girnar, Gujarat, gavana wa Chandragupta aliyeitwa Pushyagupta alijenga tuta la kuzuia maji, likawa ziwa lililoitwa Sudarshana. Wakati wa Ashoka, mtawala wa eneo aitwaye Tushaspha alilichimbia mifereji. Mwaka 150 BK hivi dhoruba ililipasua tuta, na mfalme Rudradaman akalijenga upya, tena washauri wake walipokuwa wamekwisha kata tamaa. Katika karne ya 5 lilipasuka tena, na gavana wa Skandagupta, mfalme wa dola ya Gupta, akalitengeneza.

Tunayajua haya kwa sababu Rudradaman na Skandagupta walichongesha habari zao kwenye jabali lilelile lenye matangazo ya Ashoka. Rudradaman anasema alitumia fedha za hazina yake mwenyewe, bila kuwatoza wananchi kodi ya ziada wala kuwafanyisha kazi ya shokoa. Tawala tatu zisizo za ukoo mmoja zilishughulikia ziwa moja kwa zaidi ya miaka 700.