Rejista tunaijaza kila siku, lakini nani anaisoma?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utamtambuaje mwanafunzi anayeelekea kuacha shule kabla hajaacha. Mimi ni mwalimu wa darasa kwa miaka 14 sasa, nakujibu kwa kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na kijana mmoja mpole, hana kesi yoyote. Akikosa leo, kesho yupo, nami nimeshasahau. Alipotoweka moja kwa moja ndipo nikafuata mstari wa jina lake kwa kidole: Jumatatu hayupo, Jumatatu hayupo, Ijumaa hayupo. Siku 22 kwa jumla! Utaratibu wetu ulikuwa kumwita mzazi mtoto akikosa siku 3 mfululizo, na yeye hakuwahi kuzifikisha.

Kipimo cha kukosa shule kupita kiasi kinachotumika sana Marekani ni kukosa 10% ya siku za masomo, awe na ruhusa au hana. Mwaka wa masomo ukiwa na siku 180, hizo ni siku 18, kama 2 tu kwa mwezi. Ndiyo maana zinatupita.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi natazama mahudhurio, mwenendo na matokeo ya hisabati na lugha kwa pamoja. Aliyekuwa akipata alama 70 akashuka hadi 45 ananitisha kuliko anayepata 40 siku zote (naye ana haki ya kusaidiwa, lakini hilo ni jambo jingine). Wanaonitia shaka nawaandika kwenye orodha, na orodha yenyewe haitoki mikononi mwetu. Mtoto akijua ameandikwa "wa hatari", umeshamharibu.

Kisha kila aliye kwenye orodha apewe mtu mzima mmoja wa kumfuatilia, hata mpishi wa shule kama ndiye anayeelewana naye. Na usimhoji mbele ya walimu wengine. "Kwa nini hukuja?" utajibiwa uongo. Mimi huuliza, "Asubuhi kwenu huwa inakuwaje?" Binti mmoja akaniambia ndiye anayewaandaa wadogo zake watatu. Tulikuwa tunamwadhibu kwa kuchelewa! Tukamruhusu kuingia dakika 20 baadaye, akafidia mchana, utoro ukaisha.

Yule kijana nilimfuata mara mbili. Mara ya pili nilimkuta kazini, akanisalimia kwa heshima, akauliza kama jina lake bado lipo kwenye rejista.