Anza na pembetatu moja: kujifunza R kwa kazi ya takwimu bima

Mkadiriaji wa madai ya bima anayetoka kwenye Excel hahitaji kumaliza kozi nzima ya R ndipo aanze kazi. Anahitaji pembetatu moja ya madai (jedwali lenye mstari kwa kila mwaka wa ajali na safuwima kwa kila mwaka wa maendeleo ya madai) ambayo jibu lake linajulikana, ili akikosea ajue kakosea wapi. Data ya ofisini isubiri kwanza.

R ni programu huria ya takwimu, haina ada ya leseni. Isakinishe pamoja na RStudio, dirisha la kuandikia R, kisha andika install.packages("ChainLadder") mara moja tu, na library(ChainLadder) kila unapofungua upya. Ndani ya kifurushi hicho kuna data iitwayo RAA: madai ya bima mtawanyo (bima inayokinga kampuni za bima) ya Marekani, ajali za miaka 1981 hadi 1990, tayari yamelimbikizwa, yaani kila namba inajumlisha zilizotangulia kwenye mstari wake.

Usikimbilie kitufe cha majibu. Tafuta kwanza kizidishi, yaani madai yanakua mara ngapi, cha mwaka wa kwanza kwenda wa pili kwa mkono wako:

sum(RAA[1:9,2]) / sum(RAA[1:9,1])

Jibu ni 2.999. Sasa jaribu wastani wa kawaida, ule ambao wengi huuweka kwenye Excel bila kufikiri:

mean(RAA[1:9,2] / RAA[1:9,1])

Unapata 8.206. Tofauti hiyo kubwa inatoka hasa kwenye mstari wa 1982, ulioanza na 106 ukafika 4,285, yaani zaidi ya mara 40. Wastani wa kawaida unaupa mstari huo mdogo uzito sawa na mistari mingine yote. Kwa ajali za 1990, zenye 2,063 tu mkononi, njia ya kwanza, ukiendelea kuzidisha kwa vizidishi vya miaka inayofuata, inafikisha madai ya mwisho 18,402. Ukibadilisha kizidishi hicho kimoja tu, yanapita 50,000. Kaa hapo mpaka uelewe, maana hii ndiyo kazi yenyewe.

Kisha endesha MackChainLadder(RAA), inayofanya hesabu hiyo kwa pembetatu nzima. Akiba yote (madai ya mwisho toa yaliyokwisha kuonekana) ni 52,135, na kosa sanifu, kipimo cha makadirio yanavyoweza kupotoka, ni karibu 26,900, zaidi ya nusu ya akiba. Kwa mwaka 1990 peke yake kosa sanifu linaizidi hata akiba. Namba hiyo ipelekwe kwa wakubwa pamoja na makadirio, isifichwe.

Ukija kwenye data yako, muda mwingi utaishia kwenye kusafisha. Tarehe ndizo mbaya zaidi. as.Date("03/04/2023") haitalalamika, itakupa tarehe 20 Aprili ya mwaka wa 3. Andika format="%d/%m/%Y" (siku, mwezi, mwaka) kila mara. Na kama mfumo wa madai unatoa tarehe kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, 3 Aprili inageuka 4 Machi, na malipo yanahama robo ya pili kwenda ya kwanza.

Kiasi kilichoandikwa "1,250,000" ni maandishi, si namba. as.numeric inakigeuza kuwa NA (thamani isiyojulikana), na ukijumlisha kwa na.rm=TRUE, inayoruka NA, kinapotea kimya. Angalia ubaya wake: madai yasiyofika 1,000 hayana koma, kwa hiyo yanabaki, yanayotoweka ni yale makubwa. Ondoa koma kwanza kwa gsub(",", "", kiasi). Namba za hati za bima (polisi) zisome kama maandishi, la sivyo 00123 inakuwa 123 na haitaoana tena na jedwali la wateja.

Mwaka wa maendeleo ni mwaka wa malipo, toa mwaka wa ajali, jumlisha 1. Ukipata sifuri au hasi, kuna tarehe iliyokosewa. Irudishe kwa watu wa madai, usiifute. Tengeneza pembetatu kwa as.triangle, kisha ilimbikize kwa incr2cum. Chumba cha jedwali cha kipindi kilichopita ambacho hakikuwa na malipo kiwekee 0, kwa sababu NA moja katikati ya mstari inafuta limbikizo lote linalofuata. Vyumba vya wakati ujao tu ndivyo vibaki NA.

Wanaojiandaa kwa mitihani ya CS1 na CS2 ya Institute and Faculty of Actuaries, chama cha wataalamu wa takwimu bima cha Uingereza, watafaidika mara mbili, kwani sehemu ya mitihani hiyo hufanywa kwa R.

Kabla ya kukadiria chochote, jumlisha malipo yote ya pembetatu na uyalinganishe na leja ya fedha. Yakitofautiana hata kwa shilingi, tafuta kwanza iliko.