Mlangoni Kwanza: Kuandaa Nyumba ya Nairobi kwa Wageni wa Krismasi

Desemba ikikaribia, sisi tunaobaki Nairobi badala ya kusafiri kwenda mashambani huanza kufikiria wageni kutokea jikoni: mchele kilo ngapi, nyama itoke bucha gani, soda kreti ngapi. Baada ya jikoni huja magodoro na blanketi. Mlangoni hufikiriwa mwisho, mara nyingi asubuhi ileile wageni wanapoingia mjini, na kazi yote huwa ni kusukuma viatu kwa mguu hadi chini ya kochi.

Kwa miaka ambayo nimepokea jamaa kutoka Pwani na Magharibi katika fleti yangu ya kupanga, nimefikia msimamo mmoja. Mlango mzuri ni ule unaomwezesha mgeni aingie bila kuuliza chochote. Avue viatu au asivue? Mzigo aushushe wapi? Mwavuli unaochuruzika maji auweke wapi? Anawie mikono wapi? Mgeni aliyelazimika kuuliza yote hayo kabla hajaketi hujiona ameleta usumbufu, na hisia hiyo haifutiki haraka, hata ukimpakulia pilau ya kujaa sinia.

Ugumu ni kwamba nyumba nyingi za kupangisha hapa mjini hazina sehemu ya kuingilia. Unafungua grili, unafungua mlango, tayari uko sebuleni. Nyumba za kale za mawe kule Lamu zilijengewa daka, kibaraza chenye viti vya mawe pale mlangoni, ambapo mgeni aliketi akapokewa kabla ya kupita ndani. Waliojenga fleti za Donholm na Roysambu hawakutuachia nafasi hiyo. Inabidi tuitengeneze wenyewe katika kieneo kidogo kilicho kati ya mlango na kochi la kwanza.

Anza kwa kutoa, kabla ya kununua chochote. Simama nje ya mlango wako, uufungue kama mgeni, utazame. Utaona mikoba ya shule, ambayo haitahitajika hadi Januari. Utaona mtungi wa akiba ya maji, maboksi ya vitu vilivyoletwa na boda, baiskeli ya mtoto, viatu vya watu wote wa nyumba. Mikoba iende chini ya kitanda. Baiskeli iende kwenye balkoni. Kila mwenyeji abakishe jozi moja tu ya viatu mlangoni, ile anayoivaa kila siku, na nyingine ziingie chumbani hadi sikukuu zipite. Lengo ni nusu ya rafu ya viatu iwe tupu siku wageni wanapofika. Rafu iliyojaa humwambia mgeni hana nafasi, hata kama wewe umesimama hapo ukisema karibu.

Sasa tuje kwenye viatu vyenyewe, maana hapo ndipo penye kazi. Mvua za vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Nairobi ina udongo wa aina mbili. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia Embakasi hadi Syokimau, ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata kwenye soli na kufanya kiatu kizito. Upande wa Kiambu na Kikuyu ni udongo mwekundu, ambao ukishaingia kwenye zulia jeupe utapigana nao hadi Pasaka. Kwa hiyo zulia moja la kupangusia miguu halitoshi. Weka mawili. La nje liwe gumu, la makumbi au mkonge, la kukwangua tope. La ndani liwe la pamba nene, la kunyonya maji, na chini yake liwe na mpira ili lisiteleze juu ya vigae. Vigae vikilowa huteleza vibaya, na mzee akianguka mlangoni sikukuu yote imeharibika. Nunua la pamba la pili la akiba, sababu la kwanza likilowa siku ya mvua halikauki kwa saa chache.

Rafu si lazima iwe ya bei. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji wanaunda za chuma kwa vipimo unavyotaka, na maseremala wa Gikomba watakutengenezea ya mbao. Ila usiende bila vipimo. Fungua mlango wako mpaka mwisho, uweke alama sakafuni unapoishia, kisha upime kutoka hapo hadi ukutani. Kiatu cha mwanamume mzima kinakaribia sentimita 30, kwa hiyo rafu ya kulaza viatu inahitaji upana kama huo. Kama huna nafasi hiyo, mwambie fundi ainamishe vibao ili viatu vikae kwa mshazari. Utaokoa sentimita kadhaa na mlango utafunguka vizuri.

Kuna wanaoacha viatu vya wageni nje koridoni. Sipendi. Korido ni njia ya majirani wote, watu wanapita gizani na mitungi ya gesi begani, na viatu vizuri vya mgeni vikipotea mikononi mwako huna la kumwambia.

Kando ya rafu weka stuli au kigoda imara. Kwangu hiki ndicho kitu cha maana kuliko vyote, na ndicho ninachokikosa katika nyumba nyingi ninazotembelea. Nyanya mwenye magoti mabovu hawezi kuvua viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika ukuta, huku watu wazima wanne wakimtazama kutoka kwenye makochi. Mama mjamzito hawezi. Baba mkwe anaweza lakini hataki aonekane anahangaika. Kiti kimoja kinawahifadhia wote heshima yao. Kiwe na kimo cha kiti cha kawaida, maana kile kifupi cha jikoni kinakuwa mateso wakati wa kuinuka.

Karibu na kiti, weka kikapu cha patipati safi za saizi tofauti, zikiwemo za watoto. Mimi natumia kiondo kikubwa cha mkonge nilichonunua soko la Kariokor. Kinapendeza macho na kinafanya kazi. Mgeni akiona patipati zimepangwa, ameshajibiwa swali la kuvua viatu bila mtu kufungua mdomo. Lakini usimlazimishe mtu. Kuna wazee ambao kuvua viatu mbele ya wakwe ni jambo zito kwao, kuna mwenye kidonda mguuni, kuna mwenye soksi asiyotaka ionekane. Huyo mwache apanguse soli aingie. Sakafu utapiga deki jioni.

Mizigo inahitaji kufikiriwa mapema, kwa sababu jamaa zetu hawaji mikono mitupu. Watakuja na mkungu wa ndizi, gunia la mahindi au viazi, nazi, na mara nyingine kuku hai aliyefungwa miguu. Kupokea mzigo mlangoni ni adabu tuliyolelewa nayo wote, ila unaupokea uupeleke wapi? Amua kabla. Kwangu vyakula vinaenda moja kwa moja jikoni, masanduku ya nguo chumbani, na kuku ana boksi lake lenye matundu kwenye balkoni, limetandikwa magazeti. Wape watoto wakubwa kazi ya kubeba, wajue njia ya kila kitu, ili mgeni asisimame na gunia begani huku nyie mkishauriana.

Mikoba ya mkononi ya kina mama isiwekwe sakafuni. Wako wanaoamini mkoba ukikaa chini pesa zinakimbia, na hata asiyeamini hapendi mkoba wake ukae karibu na viatu. Unahitaji kulabu. Kuta za fleti zetu nyingi ni za mawe au zege, msumari wa kawaida unapinda, na mwenye nyumba hukata pesa za ukarabati kwenye amana yako ukihama na kuacha matundu. Ukipata ruhusa, mwite fundi mwenye drili aweke ubao mmoja wenye kulabu tano au sita. Usipopata, fundi wa chuma atakukunjia vyuma viwili vya kuning'inia juu ya mlango wa chumba kilicho karibu. Weka kulabu mbili chini zaidi, usawa wa mtoto wa miaka sita. Watoto wakipewa kulabu zao huning'iniza sweta bila kuambiwa. Kwa miavuli, ndoo tupu ya rangi iliyooshwa vizuri inatosha kabisa.

Habari ya kunawa ni fupi. Tangu Machi 2020, korona ilipofika Kenya, nyumba nyingi zilizoea mtungi wenye bomba mlangoni, na mimi sioni sababu ya kuuondoa. Siku ambayo mgao wa maji haujafika kwenu, mtungi huo ndio utakaookoa msongamano kwenye sinki moja ya bafuni. Weka beseni chini yake, sabuni, na taulo ndogo kadhaa zilizokunjwa.

Mwanga ni jambo ambalo watu hulisahau kwa sababu wanaandaa nyumba mchana. Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na wageni wengi huingia usiku. Anayepanda treni ya alasiri kutoka Mombasa anashuka Syokimau giza likiwa limeshaingia, na bado hajapambana na msongamano wa magari. Akifika kwako amechoka, na ngazi hazionekani. Kagua balbu ya koridoni wiki moja kabla. Kama imeungua mwambie msimamizi wa ploti, na asipofanya haraka nunua ya LED uiweke mwenyewe. Ndani weka balbu ya mwanga wa manjano, ule mweupe mkali unamchosha mtu aliyetoka safarini. Taa ya kuchaji iwe karibu na mlango ikiwa imejaa, umeme usije ukapotea wakati watu wako ghorofa ya pili na mizigo.

Pia mlango hauanzii mlangoni. Unaanzia getini. Mgeni akishikiliwa na askari dakika kumi akiulizwa anaenda kwa nani na kitambulisho kiko wapi, ukarimu wako wa juu umechelewa. Mpe askari majina ya unaowatarajia na saa wanazotarajiwa, na ikifika Krismasi mpelekee sahani ya chakula, naye yuko mbali na watoto wake. Mtumie mgeni ujumbe mmoja ulio kamili: steji ya kushukia, jina la jengo, rangi ya geti, ghorofa, namba ya nyumba. Kama mlango wako hauna namba, iandike kwenye kadi nzuri uibandike. Milango ya fleti inafanana, na hakuna aibu kama kumgongea jirani usiyemjua saa nne usiku.

Pambo nimeliacha nyuma makusudi, maana likitangulia linakula nafasi ya mambo mengine. Chagua kitu kimoja au viwili. Maua ya waridi Nairobi si anasa, mashamba ya Naivasha yako karibu, na wauzaji wa City Market watakufungia shada zuri kwa bei ya kuelewana. Matawi ya msaiprasi ndiyo Krismasi kwa wengi wetu tuliokulia Kenya. Yakitiwa kwenye ndoo ya maji hukaa mabichi siku nyingi, na harufu yake inakutana na mgeni kwenye ngazi. Wageni wangu wa Pwani nawafukizia udi kidogo kabla hawajafika, madirisha yakiwa wazi, na siufukizi kabisa kama najua anakuja mtu mwenye pumu. Pambo lolote lining'inie au likae juu. Kinachokaa sakafuni mlangoni kitapigwa teke.

Halafu, kengele ikilia, nenda ufungue wewe mwenyewe. Usimtume mtoto, na usipaze sauti kutoka jikoni kwamba mlango uko wazi. Punguza televisheni. Salimia mkiwa bado mlangoni, kwa utulivu, umtaje kila mtu, na watoto wao uwainamie.

Siku ya kuondoka, eneo hilohilo linafanya kazi tena. Geuza viatu vyao vitazame nje ili wavivae bila kuzunguka. Waandalie kifurushi mapema ukiweke juu ya stuli, wasikipokee kwa haraka mkiwa mnafunga grili: mkate, majani chai, sukari, picha mlizopiga zikiwa zimesafishwa. Na kabla hamjaanza kuwasindikiza kwenda steji, pitisha macho kwenye kulabu na ndani ya ile ndoo ya miavuli. Chaja za simu, kofia za watoto na miwani ya wazee ndivyo vinavyosahaulika zaidi, na kuvituma kwa parseli ya basi huwa na gharama kuliko vyenyewe.