Misuli Yangu Inawaudhi Nyumbani

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Nina umri wa miaka 19, naishi Ujiji na ninacheza beki wa kati katika timu ya wanawake hapa Kigoma. Tangu nianze mazoezi ya nguvu, mabega na mapaja yangu yamejaa misuli na kifua kimepungua. Mjomba anayetulea anasema nimekuwa mwanamume, hakuna atakayeleta posa, na wasichana wa mpira hawazai. Kaka yangu naye anacheza, na mjomba huyohuyo humsifia mbele ya wageni jinsi alivyojengeka. Majirani wanalalamikia bukta, ingawa mimi huvaa taiti ndefu na hijabu uwanjani. Klabu ya ligi kuu imenialika kwenye majaribio, lakini nimeanza kuacha chakula cha usiku ili nipungue. Nifanye nini?
Mchezaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na chakula cha usiku, kwa kuwa ndicho kilichonitia hofu kuliko maneno yote ya mjomba wako. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo huulazimisha mwili kubana matumizi. Hedhi huweza kuvurugika au kukatika kabisa, na mifupa hupoteza uimara wake polepole bila mwenyewe kujua. Mkimbiaji Mmarekani Mary Cain alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba, baada ya kushinikizwa apunguze uzito, alikosa hedhi kwa miaka 3 na kuvunjika mifupa 5. Mjomba anauhofia uzazi wako kwa sababu ya misuli, ilhali kinachoweza kuudhuru ni njaa unayojitia ili kumridhisha yeye. Rudia kula leo, ugali na migebuka au dagaa na maharage, hasa baada ya mazoezi. Ikiwa hedhi imekosekana kwa miezi 3 mfululizo, nenda hospitali na umweleze daktari kuhusu mazoezi na ulaji wako bila kuficha.

Kuhusu kifua, titi ni mafuta na tezi, na mafuta ya mwili yanapopungua kwa mazoezi, titi nalo huweza kupungua. Hakuna uanamke uliopotea hapo. Mjomba akitaka ushahidi wa uzazi, mtajie jirani yetu wa Kenya, Faith Kipyegon, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mwaka 2016, akajifungua binti mwaka 2018, kisha akatwaa dhahabu hiyohiyo Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024.

Sasa nije kwenye lile linalokuuma zaidi, kwamba mwili uliojengwa kwa mazoezi yaleyale ni sifa kwa kaka yako na ni aibu kwako. Umeona sawasawa, na wala halikuanzia nyumbani kwenu. Agosti 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akieleza wasiwasi wake juu ya maisha ya wachezaji wa kike baada ya kustaafu, alisema wenye vifua bapa mtu anaweza kudhani ni wanaume, na kwamba ndoa kwao ni kama ndoto. Wanawake wengi walilalamika wakati ule, nami nasema kwa heshima zote kwamba walikuwa na haki, kwa sababu mchezaji wa kiume naye hustaafu akiwa amechoka miguu, lakini hakuna anayepima kifua chake ili kubashiri ndoa yake. Miezi 2 haikupita, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wakaifunga Malawi 1-0 katika fainali na kurudi na kombe la COSAFA, la nchi za kusini mwa Afrika, kutoka Afrika Kusini, kwa miili ileile.

Hata suala la mavazi, ukilifuatilia, utaona kwamba staha si kiini chake. Julai 2021 timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya yuro 1,500 huko Bulgaria kwa sababu wachezaji wake walivaa kaptura badala ya bikini iliyotakiwa na kanuni, wakati wanaume waliruhusiwa kaptura. Kabla ya hapo, wachezaji wa kandanda wanaovaa hijabu kama wewe walizuiwa na FIFA tangu mwaka 2007 hadi iliporuhusu rasmi mwaka 2014. Mmoja huadhibiwa kwa kujifunika, mwingine husemwa kwa kutojifunika, na katika hali zote mbili anayeamua si mwenye mwili.

Mjomba amekulea, kwa hiyo usimjibu kwa hasira wala mbele ya watu. Zungumza kwanza na mama au mtu mzima anayesikilizwa naye, mwende pamoja, na kaka yako awepo, kwa maana anayajua mazoezi hayo na maneno yake yatakuwa na uzito. Mwonyesheni mwaliko wa klabu. Kabla ya kusafiri, ulizeni mtalala wapi, nani mlezi wa wasichana kambini, na kama mkataba unataja mshahara na matibabu. Wasiwasi wa mjomba juu ya mambo hayo ni halali, na ana haki ya kujibiwa.