Kubadilisha soketi ya tela kwenye pikapu: anza na ethi kabla ya kununua kitu

Umeuliza kuhusu kubadilisha soketi ya pikapu, pale plagi ya tela inapochomekwa, ambayo mfuniko wake umevunjika. Dalili ulizotaja ni tatu: ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo za tela nazo zinapepesa, ukikanyaga breki mwanga unafifia, na pini za soketi zimeshika ukijani. Zote zinaelekeza kwanza kwenye ethi, yaani njia ya kurudishia mkondo kwenye hasi ya betri. Soketi yenye mfuniko uliovunjika lazima ibadilishwe, hilo halina mjadala. Ila ukifunga mpya kwa nyaya zile zile kama zilivyo, kuna uwezekano mkubwa ugonjwa ukabaki pale pale, kwa sababu shaba iliyooza iko nyuma ya skrubu, ndani ya gamba la waya, mahali usipopaona.

Sababu ya kupepesa ni hii. Taa zote za tela hurudisha mkondo kwa waya mmoja, ule mweupe. Ukiwa umewasha taa ndogo, umekanyaga breki na indiketa inacheza, tela la kawaida lina balbu mbili za breki za wati 21, indiketa moja ya wati 21, na balbu tatu za wati 5 (mbili za nyuma na ya kibao cha namba). Jumla ni wati 78, sawa na ampea 6.5 kwa volti 12. Kiungo chenye ukinzani wa nusu ohmu tu kitakula volti 2.5 hadi 3, na taa zigawane kilichobaki. Ethi ikizidi kuwa mbovu, mkondo hutafuta pa kurudia kupitia balbu nyingine ambazo hukuziwasha, ndipo unapoona taa zinaamshana. Na hiyo nusu ohmu usijisumbue kuitafuta kwa multimita (kipimo cha umeme) iliyowekwa kwenye ohmu. Nyaya za kipimo zenyewe zinaweza kuwa na ukinzani unaokaribia huo.

Fanya hivi. Chukua waya mnene, hata ule wa kuamshia gari lenye betri iliyokufa, ubane upande mmoja kwenye chuma kitupu cha chasisi ya pikapu na mwingine kwenye chasisi ya tela. Taa zikitulia, ubovu uko kwenye njia ya ethi inayopita soketi na plagi. Zisipotulia, kagua pale waya mweupe wa tela unapofungwa kwenye chasisi, kisha ethi ya kila taa. Kipimo hiki kina maana kama taa zinachukua ethi kwenye chasisi ya tela; matela mengine yamevutiwa waya wa ethi mpaka kwenye kila taa, na hapo chasisi haikuambii kitu. Jihadhari pia na kichwa cha kufungia tela: chuma chake hupitisha ethi kidogo, hivyo taa zinaweza kuwaka vizuri gari likiwa limesimama, halafu zikaanza vituko kwenye matuta.

Upande wa pikapu pima kwa balbu ya wati 21 iliyo kwenye holda yake, yenye nyaya mbili. Tesita ya LED haifai kwa kazi hii, na multimita peke yake inadanganya. Waya uliooza huweza kuonyesha volti 12 kamili usipokuwa na mzigo. Upe balbu inayovuta ampea 1.75 uone zinavyoporomoka. Kisha, tela likiwa limeunganishwa na taa zimewashwa, weka multimita kwenye volti: mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye skrubu ya waya mweupe nyuma ya soketi. Chini ya volti 0.2 ni salama. Ikifika 0.5, ethi ya pikapu yenyewe ina kasoro kabla hata hujafika kwenye plagi.

Sasa aina ya soketi, maana hapa watu hununua kisichofaa. Kuna ya duara yenye pini saba za mviringo, ya kiwango cha ISO 1724, na kuna ya Kimarekani yenye pini saba bapa. Haziingiliani, na tofauti si umbo tu. Kwenye ISO, breki na indiketa zina nyaya tofauti. Kwenye mfumo wa Kimarekani, waya mmoja unabeba breki na indiketa za upande wake kwa pamoja, na kuna pini za ziada za breki za umeme, chaji ya betri na rivasi. Pikapu ya mfumo mmoja ikivuta tela la mfumo mwingine inahitaji kigeuzi chenye saketi yake. Kukata plagi na kufunga nyingine hakutoshi.

Mpangilio wa ISO 1724 kwa namba na rangi ni huu:

1 – njano, indiketa ya kushoto
2 – bluu, taa ya ukungu ya nyuma (kwenye matela mengi ya zamani haitumiki, au imepewa kazi nyingine)
3 – nyeupe, ethi
4 – kijani, indiketa ya kulia
5 – kahawia, taa ndogo ya kulia na ya kibao cha namba
6 – nyekundu, breki
7 – nyeusi, taa ndogo ya kushoto

Namba zimechongwa kwenye plastiki upande wa nyuma wa soketi, kando ya kila skrubu. Fuata namba hizo, usifuate picha, kwa sababu picha nyingi hazisemi kama unatazama soketi kwa mbele au kwa nyuma, na ukikosea hapo kushoto kunakuwa kulia. Rangi nazo ziamini nusu nusu. Gari lililowahi kuguswa na mafundi wawili watatu linaweza kuwa na waya mwekundu unaofanya kazi ya ethi. Kabla ya kukata chochote, piga picha soketi ya zamani ikiwa wazi, mtu akae ndani akanyage breki, awashe indiketa moja moja na taa ndogo, nawe uguse kila skrubu kwa balbu yako na kufunga kipande cha utepe chenye jina la kazi kwenye kila waya.

Baada ya hapo ondoa hasi ya betri. Skrubu za soketi mara nyingi zimeshika kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza na uziache kwa muda kabla ya kuzilazimisha, maana kichwa kikiliwa utaishia kutumia drili. Soketi ikitoka, kata waya sentimita tatu nyuma ya skrubu, vua gamba, tazama shaba. Ikiwa nyeusi au ya kijani, rudi nyuma ukate tena. Endelea hadi upate shaba inayong'aa. Maji hupanda kati ya nyuzi za shaba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, kwa hiyo usishangae kukata sentimita 10 au zaidi. Hakuna msasa wala dawa itakayosafisha nyuzi zilizo ndani ya gamba, na waya mweusi hivyo haushiki risasi ya kulehemia hata ubembelezwe vipi.

Waya ukiwa mfupi baada ya kukata, unga kipande kipya chenye nyuzi nyingi laini: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa ethi. Kwa mfumo wa Kimarekani wenye breki za umeme, waya wa breki usiwe mwembamba kuliko geji 12 na ethi iwe geji 10 (kwenye geji, namba ndogo ndiyo waya mnene). Sumaku moja ya breki ya tela huvuta takriban ampea 3, hivyo tela la ekseli mbili lenye sumaku nne ni ampea 12. Kwenye mguso uliolegea wenye ukinzani wa ohmu 0.1 tu, hizo ampea 12 hutoa joto la wati 14 ndani ya plastiki iliyofungwa. Ukikuta soketi imeyeyuka kuzunguka pini moja, sababu ndiyo hiyo.

Maungio yafanye kwa teminali za kubana zenye mpira wa kusinyaa ulio na gundi ndani. Zibane kwa koleo lake maalumu. Praizi ya kawaida huifanya teminali kuwa bapa bila kuukaza waya. Yapishanishe, yasikae yote mahali pamoja, ama utapata uvimbe usiopita kwenye ala inayofunika nyaya. Kulehemu kunakubalika, lakini waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia na mtikiso wa nyuma ya gari huukata hapo hapo, kwa hiyo uliolehemiwa lazima ufungwe usicheze. Vile vidude vya plastiki vinavyotoboa gamba la waya kwa kisu cha ndani sivipendi kabisa chini ya gari: vinakata baadhi ya nyuzi na vinaacha tundu la kuingizia maji.

Kabla ya kufunga waya hata mmoja kwenye soketi mpya, pitisha kwanza mpira wa nyuma na gasketi kwenye kebo. Linasemwa kila mara na bado watu hufunga nyaya saba, wakainua macho na kuukuta mpira uko mezani. Vua gamba milimita 6 hadi 8, bana kila ncha kwenye kikombe chake kidogo cha bati (ferrule, kijibomba cha kuvisha ncha ya waya), ndipo uiingize kwenye skrubu. Skrubu ikizungukia moja kwa moja juu ya nyuzi tupu huzikata nusu, na zilizobaki hulegea baada ya muda. Kaza hadi ishike vizuri, kisha vuta kila waya kwa mkono. Utakaochomoka ulikuwa haujashikwa.

Soketi ikae mfuniko ukifunguka kwenda juu na tundu la kutolea maji likiwa chini. Tundu hilo usilizibe. Kebo ishuke kidogo kabla ya kupanda kuingia nyuma ya soketi, ili matone yadondoke kwenye tumbo la kebo badala ya kufuata waya hadi ndani. Ukitaka kuziba mpira wa nyuma kwa silikoni, epuka ile yenye harufu ya siki. Asidi yake inakula shaba. Grisi ya umeme paka utando mwembamba kwenye pini. Kujaza soketi mpaka ifurike hakuongezi kinga, kunakusanya mchanga.

Waya mweupe usiuachie kibano cha zamani. Fungua boliti ya ethi kwenye chasisi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, weka teminali mpya ya pete, kaza, ndipo upake grisi au rangi juu yake. Mpangilio huo ukiugeuza, ukapaka kwanza, umefunga ethi kwenye rangi.

Rudisha betri, pima kila pini kwa balbu ya wati 21 kabla ya kuleta tela, kisha rudia kipimo cha volti za ethi taa zote zikiwa zimewaka. Indiketa ikienda mbio kuliko kawaida, gari linahisi kuna balbu iliyokufa, au tela lina taa za LED zinazovuta mkondo mdogo. Kama pikapu yako ni ya kisasa na ina moduli ya tela (kifaa cha kielektroniki kinachoendesha taa za tela), usiunge waya wowote kwenye taa za nyuma za gari. Moduli hupima mzigo wa kila taa, na muungo wa pembeni huleta onyo kwenye dashibodi au huzima taa kabisa. Kwa gari la namna hiyo mabadiliko yote yafanyike kati ya moduli na soketi tu.

Mwisho fungua plagi ya tela, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Ikiwa na ukijani ule ule, ibadilishe siku hiyo hiyo kwa utaratibu huu huu: kata hadi shaba safi, mpira kwanza, vikombe vya bati, vuta waya. Pini za mviringo zilizobanwa zikasogeleana hurudishwa kwa kupanua mpasuo wake kidogo kwa ncha ya kisu. Zilizoliwa na kutu hazirudi, na ukizichomeka kwenye soketi mpya zitaichubua na kuipashia joto kila unapovuta tela.