Maswali yenu: Mchana mtakatifu, usiku nafungua friji

SWALI: Dada habari, mi msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo nimepata ujasiri wa kuandika. Nina kilo 88, mwaka huu nimeanza dayati mara nne na zote zimefia wiki ya pili. Asubuhi nakunywa chai ya rangi tu, mchana nakomaa na saladi, halafu nikirudi jioni naanza kuonja onja jikoni, mara sufuria, mara mabaki ya watoto, ikifika saa nne usiku nishamaliza nusu mkate na nalala najichukia. Hivi ni kukosa nidhamu au naumwa?
Nimechoka Kuanza Upya

JIBU: Mdogo wangu pole. Barua yako nimeisoma mara mbili na simuoni mtu asiye na nidhamu, namuona mtu mwenye njaa. Chai ya rangi haina chakula ndani yake, majani ya saladi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mpaka jua linazama mwili unakudai, na lile deni unalilipa usiku kwa mkate sababu mkate ndo uko karibu. Unapigana na usiku wakati kosa lilishafanyika asubuhi.

Anza hapo basi. Asubuhi kula, na unachokula kiwe na protini, mayai mawili au maharage au mtindi usiotiwa sukari, maana protini inakaa tumboni muda mrefu kuliko mkate mtupu. Mchana hiyo saladi iache ila isiwe peke yake: nusu ya sahani mboga, robo samaki au kuku au maharage, robo iliyobaki wali au viazi. Ndio, wali, sijui nani aliwatangazia kwamba wanga ni sumu, gramu moja ya wanga ina kalori 4 kama ya protini tu, mafuta ndo yana 9.

Sasa tuje kwenye saa yako ya hatari. Usiingie jikoni na njaa. Kabla hujawasha jiko kaa chini kwanza, kula tunda na karanga kiganja kimoja, ndo uanze kupika, kwa sababu ukipika na njaa unakula mara mbili, cha kuonja na cha mezani, na kile cha kuonja hakuna anayekihesabu. Mabaki ya watoto weka bakuli lenye mfuniko pale pale mezani, wakimaliza yanaingia mle na moja kwa moja friji, kabla hujaanza kubeba sahani. Tumbo lako sio ndoo ya makombo. Mkate nao uondoke mezani, uende kabatini, tena nyuma ya vitu, maana macho yakiona mdomo unataka, hata uwe na elimu gani. Na ukikaa kula usikimbie, tumbo linachukua kama dakika 20 kuupa ubongo taarifa kwamba limeshiba, we ukimaliza kwa dakika tano unaongeza sahani bila sababu.

Siku ukiteleza (na utateleza) usiseme nishaharibu ntaanza Jumatatu, hizo Jumatatu ndo zimekufanya uanze mara nne. Mlo unaofuata kula kawaida tu, wala usijiadhibu kwa kushinda na njaa maana utarudi kule kule kwenye friji. Tarajia nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, basi. Ukipungua kilo nne na nusu hivi, yaani kama asilimia 5 ya uzito wako, hata kama kioo bado hakijaona, presha na sukari kwa watu wengi vinaanza kukaa vizuri.

Kuhusu kuumwa: kama hata ukishiba mchana bado usiku unakula huku unashindwa kabisa kujizuia, tena mara kwa mara, mwambie daktari bila aibu, hilo lina matibabu. Na kama unatumia dawa za kisukari, una mimba au unanyonyesha, usipunguze chakula kabla hujaongea nae.

SWALI: Dada, mimi mwanaume, naambiwa nipunguze uzito ila mke wangu anapika na mafuta ya kuogelea, nikisema ananuna anasema kwani zamani si ulikuwa unasifia. Nifanyeje?
Mume wa Sufuria

JIBU: Hahaha kaka, ana haki ya kununa, ulisifia kweli. Usianze na mapishi yake, anza na kijiko. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, sasa anayemimina kutoka kwenye chupa kwa macho anaweza kuweka vinne akidhani kaweka kimoja. Muombe apime kwa kijiko, kitunguu na nyanya zikishika atie maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Ila bora zaidi, ingia jikoni upike wewe siku mbili tatu kwa wiki, hapo hatonuna mtu. Na kabla hujamlaumu angalia unachokunywa wewe huko nje, kopo moja la soda la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, hilo hakupika yeye.

SWALI: Wiki ya kwanza nilipungua kilo 2 nikafurahi sana, wiki ya pili sijapungua kitu, juzi nimekula sherehe moja tu nikaongezeka kilo nzima! Inawezekanaje?
Mtumwa wa Mizani

JIBU: Kilo nzima ya mafuta kwa sherehe moja ungehitaji kula zaidi ya kalori 7,000 juu ya zile unazozihitaji, labda kama ulikula na meza. Hayo ni maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja inashikana na kama gramu tatu za maji, ndo mana ukianza dayati unashuka haraka, na ukila wanga na chumvi nyingi siku moja yanarudi. Kwa wanawake siku za kukaribia hedhi nazo zinapandisha. Hiyo mizani ifiche, pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi ukishatoka chooni na hujala kitu, halafu linganisha mwezi na mwezi. Katikati hapo tumia mkanda wako, ukianza kuingia tundu jingine usiiulize mizani.